Kazi za Ujerumani: Hakuna Orodha ya Kujiandikisha, Kuna Cheti, Lugha na Mkataba

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, swali moja limekuwa likiulizwa katika mabaraza ya machifu, nje ya makanisa na misikiti, na katika makundi ya WhatsApp ya karibu kila wadi: orodha ya kujiandikisha iko wapi?

Orodha hiyo haipo. Hakuna fomu inayogawanywa na chifu, mwakilishi wadi wala ofisi yoyote ya kaunti, na hakuna mgao wa nafasi uliotengewa eneo lolote la nchi. Anayeuza fomu kwa shilingi 500 anauza karatasi.

Uvumi ulianza na nambari. Siku ambayo mkataba ulitiwa saini mbele ya Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz, habari zilienea kwamba Ujerumani ingewachukua Wakenya 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha bila kuchelewa, ikaeleza kwamba mkataba hautaji idadi wala mgao wowote, na kwamba kila mwombaji atapimwa kwa sheria ya nchi hiyo ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi. Kanusho, kama kawaida, halikusafiri mbali kama uvumi. Wakati huo huo iliripotiwa kuwa mji wa Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani, ulikuwa umewapokea madereva wa mabasi kutoka Kenya kwa mpango wa majaribio. Walikuwa watano.

Hii haina maana kwamba mlango umefungwa. Ujerumani ina uhaba wa kweli wa wauguzi, mafundi wa umeme, wahandisi, wataalamu wa kompyuta na wafanyakazi wa hoteli, na sheria yake ililegezwa kwa awamu kati ya Novemba 2023 na Juni 2024 ili kuwavuta watu kutoka nje ya Ulaya. Mkataba na Kenya unarahisisha ushirikiano baina ya serikali mbili. Una upande wa pili pia, ambao hautajwi sana barazani: Kenya ilikubali kuwapokea tena raia wake wanaoishi Ujerumani bila kibali. Anayeenda kwa njia ya mkato ndiye anayeguswa kwanza na kifungu hicho.

Mtu mwenye ujuzi ni yupi

Kwa Mjerumani, ujuzi ni mafunzo yaliyothibitishwa kwa cheti kinachotambuliwa. Fundi aliyejifunza kuchomelea vyuma kwa mjomba wake katika sekta ya jua kali anaweza kuwashinda wenye diploma kazini, lakini bila cheti afisa wa viza hana cha kupima. Isipokuwa ni wataalamu wa kompyuta, ambao wanaweza kukubaliwa bila shahada wala diploma wakiwa na uzoefu wa kutosha, mkataba wa kazi na mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa.

Kwa wengine wote, kinachohitajika ni shahada ya chuo kikuu au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya Kenya. Hapa wakazi wengi hukwama bila kujua. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vinavyosimamiwa na kaunti hutoa kozi za urefu tofauti, na zile za miezi mitatu au sita, ingawa humwezesha kijana kupata riziki, hazifikii sharti hili. Cheti cha jaribio la NITA kinaonyesha mtu anaweza kufanya kazi, lakini sharti linahusu muda wa mafunzo. Mzazi ambaye sasa anamlipia mtoto karo akiwa na Ujerumani akilini afadhali aulize mapema kozi ni ya muda gani na mtihani unatolewa na nani.

Baada ya cheti kupatikana, Ujerumani yenyewe hukilinganisha na vyeti vyake. Shahada hutafutwa kwanza katika hifadhidata iitwayo anabin, ambayo huonyesha kama chuo kikuu na shahada yenyewe vinakubalika. Shahada ikikosekana humo, mwombaji huomba barua ya ulinganisho kutoka ofisi ya ZAB, kwa ada ya zaidi kidogo ya euro 200. Vyeti vya ufundi wa viwandani na biashara hupelekwa kwa taasisi iitwayo IHK FOSA, na vya ufundi wa mikono kwa chama cha mafundi cha eneo husika. Tovuti ya serikali ya Ujerumani, Anerkennung in Deutschland, ina sehemu ambapo mtu huandika kazi yake na kuonyeshwa ofisi inayomhusu. Kuitazama hakulipiwi. Tovuti nyingine rasmi ni Make it in Germany, na hiyo nayo ni ya bure.

Majina yasiyolingana

Jambo dogo linalowachelewesha watu wengi ni jina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu kwa mpangilio mwingine, kitambulisho kimeongeza jina la mume, na cheti cha chuo kimekosewa herufi moja. Nchini tumezoea kueleza kwa mdomo na mambo yakaenda. Mbele ya ofisi iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa, watu wawili wenye majina tofauti ni watu wawili. Kabla ya kulipia kitu kingine chochote, mwombaji aweke hati zake zote mezani na kulinganisha majina na tarehe za kuzaliwa. Tofauti ndogo huenda ikatatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadilisha jina kabisa kunahitaji hati rasmi iliyosajiliwa. Makosa ya vyeti vya mitihani hurekebishwa na KNEC, nayo huchukua muda.

Hati zinazotafutwa hapa nyumbani ni pasipoti na cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, zote zikiombwa kupitia eCitizen. Asiye na simu nzuri au mtandao anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre. Muuguzi huongeza uthibitisho wa usajili wake kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya. Tafsiri za Kijerumani zifanywe na mtafsiri anayekubalika kisheria. Tafsiri ya rafiki aliyesoma Kijerumani sekondari itarudishwa. Na nakala halisi zisiachwe kwa wakala kwa kisingizio chochote.

Lugha ndiyo safari yenyewe

Viwango vya lugha hupangwa kutoka A1, cha mwanzo kabisa, hadi C2. Taasisi ya Goethe, ambayo ina kituo na mitihani Nairobi, hukadiria kwamba kufikia B1 kunahitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45, na B2 vipindi 600 hadi 800. Kwa mtu anayefanya kazi mchana na kusoma jioni, hiyo ni mwaka mmoja na zaidi. Shule inayotangaza B2 kwa miezi mitatu ya masomo ya jioni inapaswa kuulizwa ni wanafunzi wangapi wake waliofaulu mtihani, na mtihani wa nani.

Mtihani ni muhimu kama masomo. Cheti cha kuhudhuria darasa hakitoshi. Kinachokubalika ni cheti cha mtihani kutoka taasisi inayotambuliwa. Baadhi ya familia zimekuwa zikichangisha pesa za tiketi ya ndege kabla ya kijana kupita hata A1. Harambee kama hiyo ingefaa zaidi ikilipia karo ya lugha, kwa sababu hata safari isipotimia, Kijerumani kinabaki na mtu na kinaweza kumpa kazi katika utalii humu nchini.

Njia zilizopo

Njia iliyo wazi zaidi ni kuwa na mkataba wa kazi kabla ya kuondoka. Mwenye shahada na kazi yenye mshahara mnono anaweza kuomba Kadi ya Buluu ya Ulaya. Kwa mwaka wa 2025, mshahara wa chini uliohitajika ulikuwa euro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato, au euro 43,759.80 kwa kazi zenye uhaba na kwa waliohitimu hivi karibuni. Viwango hivi hubadilishwa kila Januari, kwa hivyo nambari ya mwaka uliopita isitumiwe kupanga. Wenye diploma za ufundi zilizotambuliwa huomba viza ya kawaida ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Aliye na zaidi ya miaka 45 na anayekwenda kwa mara ya kwanza huwekewa sharti la ziada la mshahara au pensheni.

Mwajiri aliye na haraka anaweza kuanzisha utaratibu wa kasi huko Ujerumani kwa ada ya euro 411, ambao hufupisha muda wa kusubiri miadi na uamuzi wa viza. Ni vyema mwombaji auulize, maana waajiri wadogo wengi hawaujui.

Njia ya pili inawafaa vijana waliomaliza kidato cha nne na ambao bado hawana ujuzi. Ni mafunzo ya kazi, kwa Kijerumani Ausbildung, yanayochukua miaka miwili hadi mitatu na nusu, mwanafunzi akigawanya muda kati ya darasani na kazini huku akilipwa posho ya mwezi. Kima cha chini cha posho hiyo kwa mafunzo mengi yaliyoanza 2025 kilikuwa euro 682 katika mwaka wa kwanza. Kwa kawaida Kijerumani cha B1 huhitajika, na hospitali nyingi hutaka zaidi kwa uuguzi. Posho hiyo ni ya kuishi. Mwenye kutarajia kutuma pesa nyumbani kila mwezi tangu mwezi wa kwanza atajinyima chakula.

Njia ya tatu ndiyo inayozungumzwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi: Kadi ya Fursa, ambayo Wajerumani huiita Chancenkarte. Ilianza Juni 1, 2024. Humruhusu mtu kwenda Ujerumani kwa muda usiozidi mwaka mmoja kutafuta kazi, na wakati huo kufanya vibarua visivyozidi saa 20 kwa wiki. Si kibali cha kazi ya kudumu.

Kuipata, mwombaji awe na mafunzo yaliyotajwa hapo juu, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, na pointi sita. Tuchukue mfano wa fundi wa umeme mwenye umri wa miaka 29, mwenye diploma ya miaka mitatu na uzoefu wa miaka minne tangu kuhitimu. Umri wa chini ya miaka 35 unampa pointi mbili. Uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita unampa mbili. Jumla ni nne. Kijerumani cha A1 kinamfungulia mlango lakini hakimpi pointi. Akisoma hadi A2 anapata moja, B1 mbili, B2 tatu. Kwa B1, basi, anafikisha sita. Au anabaki na A2 na kufanya mtihani wa Kiingereza akapata C1, inayompa pointi moja iliyobaki. Akisubiri mwaka mmoja zaidi kazini, uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba unapanda hadi pointi tatu. Kuna pia pointi moja kwa aliyewahi kuishi Ujerumani kihalali kwa miezi sita, moja kwa kazi zenye uhaba, na moja ikiwa mume au mke anatimiza masharti na wanaomba pamoja. Aliye kati ya miaka 35 na 40 hupata pointi moja ya umri.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Mwenye Kadi ya Fursa lazima aonyeshe kuwa ataweza kujikimu, na kiwango cha 2025 ni euro 1,091 kwa kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni euro 13,092, ambazo kwa viwango vya ubadilishaji vya 2025 ni kati ya shilingi milioni 1.7 na milioni 2. Pesa hizo huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa na hutolewa kidogo kidogo kila mwezi baada ya kufika. Ni pesa za mwombaji mwenyewe. Si ada, na wakala hana haki ya kuzishika. Mkataba wa kazi ya muda uliopatikana mapema unaweza kupunguza kiasi hicho. Hata hivyo, kwa familia ya kawaida katika kaunti hii, kuuza shamba ili kwenda kutafuta kazi ambayo huenda isipatikane ndani ya miezi kumi na miwili ni kucheza bahati nasibu na ardhi. Njia ya kuwa na mkataba kwanza huchelewa, lakini anayekataliwa anabaki na shamba lake.

Wauguzi

Uuguzi ni miongoni mwa kazi zinazodhibitiwa. Muuguzi wa Kenya hawezi kuvaa sare ya muuguzi kamili siku ya kwanza, hata akiwa na uzoefu wa miaka 15. Mamlaka ya jimbo atakalofanyia kazi, mojawapo ya majimbo 16 ya Ujerumani, hulinganisha mafunzo yake na ya kwao. Mara nyingi jibu ni kwamba kuna mapengo, na hapo muuguzi huchagua kati ya mtihani wa kupima maarifa na kozi ya kujaza mapengo hayo. Mpaka amalize, huajiriwa kama msaidizi na kulipwa kama msaidizi. Leseni yenyewe kwa kawaida hudai Kijerumani cha B2.

Mshahara wa kipindi hicho na wa baada ya leseni uandikwe kwenye mkataba. Pia isomwe kwa makini sehemu inayosema muuguzi atalipa nini akiacha kazi kabla ya muda fulani. Ujerumani ina alama ya ubora ya serikali kwa mawakala wa kuajiri wauguzi, iitwayo Faire Anwerbung Pflege Deutschland, ambayo msingi wake ni kwamba gharama za kuajiri hubebwa na mwajiri. Muuguzi anayedaiwa pesa nyingi na wakala anayejigamba kuwa na alama hiyo ana sababu ya kuuliza maswali.

Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba si kinachoingia benki. Kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni humegwa kwanza, na kwa mtu asiye na familia huweza kuchukua karibu theluthi. Halafu kuna kodi ya nyumba, inayotofautiana sana: chumba mjini Munich hakilinganishwi na chumba katika mji mdogo wa mashariki. Na deni la HELB halifutiki kwa kupanda ndege.

Viza na walaghai

Viza ya kitaifa hugharimu euro 75. Tangu Januari 2025, maombi ya viza za kazi huanzia kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, kisha mwombaji hufika ubalozini Nairobi akiwa na hati halisi. Viza ya utalii ya siku 90 haimruhusu mtu kufanya kazi, na kwenda nayo kwa nia ya kubadilisha huko huko ni njia ya haraka ya kurudishwa.

Wakala wa ajira si mhalifu kwa sababu tu ni wakala. Wapo waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao hupatikana kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Jina la kampuni litafutwe humo kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, na litazamwe kama usajili bado haujaisha muda. Mwenye kuahidi viza anadanganya, kwa sababu viza hutolewa na serikali ya Ujerumani peke yake. Mwenye kutaka malipo yaende kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, bila risiti, amejitambulisha. Vivyo hivyo mwajiri anayemkubali mtu bila mahojiano, au anayeandika barua ya kazi kwa anwani ya barua pepe ya bure ilhali anadai kuwa hospitali kubwa.

Aliyekwisha kulipa na kushuku ametapeliwa ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp na nakala za mikataba, kisha aandikishe taarifa katika kituo cha polisi na kuchukua nambari ya OB. Idara ya upelelezi ina nambari ya bure, 0800 722 203, inayopokea taarifa bila mtoaji kutaja jina. Wengi hunyamaza kwa aibu, na unyamavu huo humpa tapeli nafasi ya kuhamia wadi ya pili.

Wafanyakazi wa kaunti

Muuguzi, afisa wa kliniki au mhandisi aliyeajiriwa na kaunti asiondoke kwa kutoonekana kazini. Kutoroka kazi huingia katika faili, na waajiri wa nje huomba barua ya mwajiri wa mwisho. Anayejiuzulu aandike barua ya notisi kulingana na masharti ya ajira yake, akabidhi vifaa, na aombe barua ya utumishi inayoonyesha cheo, majukumu na tarehe za kuanza na kumaliza. Ujerumani huhesabu uzoefu kwa barua hiyo: isiyotaja majukumu huenda isihesabiwe, na kuipata ukiwa tayari Leipzig au Hamburg ni kazi ya simu nyingi. Wasimamizi wa vituo vya afya nao waitoe bila kuizungusha, na nakala ibaki katika ofisi ya rasilimali watu kwa ajili ya pensheni ya mhusika.